Zahanati Mpya ng'ambo ya Ruvuma

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa mkunga ng'ambo ya mto Ruvuma mpaka vita vikaichoma zahanati yake. Alikimbilia kwetu Chiola, tukawa tunalima naye ufuta. Alipopigiwa simu kwamba zahanati imejengwa upya, nilimsindikiza Nachingwea kupanda gari, amekumbatia sare yake nyeupe.

Baada ya miezi minne alirudi amekonda.

"Jengo zuri, mwanangu, na dawa zipo," aliniambia. "Ila wajawazito hawaji. Wanajifungulia porini. Wanasema ukilazwa kwenye kile kitanda, wale waliochoma zahanati wakija tena huwezi kukimbia."

Alinisimulia kwamba ilibidi awafuate huko huko porini. Mmoja alitokwa damu nyingi. Mama mdogo alimsihi abebwe hadi zahanati, ambayo ilikuwa karibu tu, lakini yule mwanamke alishikilia mti akakataa. Alifia pale, na mtoto wake pia.

Nilimlaumu. "Sasa umewaachia nani?"

Wiki iliyofuata alifungasha akarudi ng'ambo. Mwezi uliopita alinipigia kuniambia wanawake wawili wamekubali kuingia ndani. Nilimpongeza, lakini radhi sijamwomba hadi leo.