Kadi Zinazong'aa

Kila asubuhi, kabla hajatua mkoba wala kumsalimia binadamu yeyote, mama yangu mdogo hufungua friji ya chanjo, akainamia kipimajoto na kusema, "Shikamoo." Akikuta ubaridi uko pale unapotakiwa, hujiitikia mwenyewe, "Marahaba," kisha hufunga mlango polepole kama anayemwacha mtoto usingizini. Mpishi wa shule alipomfuma mara ya kwanza alidhani amerukwa na akili. Mama mdogo akamweleza kwamba katika shule nzima, friji ndiyo mtu mzima pekee anayefanya kazi bila kuitisha kikao.

Yeye ni muuguzi wa shule. Watoto wamempa jina la Mama Bega, kwa sababu majina yao hayajui na hajawahi kujisumbua kuyajua, kwake wote ni "wewe, lete bega." Maktaba ninayoitunza imepakana na chumba chake, na kilichopo katikati ni ukuta wa ubao mwembamba, kwa hiyo kila kilio nakisikia, na kila uongo pia. Siku ya sindano kuna wanaoshikwa na tumbo ghafla, na kuna mmoja ambaye bibi yake hufariki kila muhula.

Pamoja na hayo, mji mzima unamsifu kwa kumbukumbu. Sokoni humsimamisha kijana mwenye ndevu zake na kumwambia, mbele ya mchumba wake, "Wewe nilikuchoma ukalia mpaka ukajikojolea." Kijana hutazama chini. Sijaona hata mmoja aliyethubutu kukana. Ndiyo maana watu huamini kwamba kila mkono uliowahi kupita kwenye sindano yake umehifadhiwa kichwani mwake.

Mwalimu mkuu naye ana jina lake la pembeni, Pasi, kwa ajili ya suruali zake zenye mkunjo unaoweza kukata mkate. Kitu kilichokunjamana humnyima raha. Kadi za kliniki za wanafunzi, ambazo shule huzitunza kabatini, zilimkera tangu siku aliyoripoti: hii ina doa la uji, ile imetafunwa na panya, nyingine ina alama ya sufuria iliyowahi kuikalia. Mwaka jana akanunua mashine ya kutia karatasi plastiki, akafunga mlango wa ofisi na kuzifunika kadi zote, akianza na ya binti yake wa mwisho. Zikatoka ziking'aa kama orodha ya vyakula vya hoteli. Mama mdogo alizigeuzageuza, akauliza chanjo inayofuata ataiandika wapi, kwenye paji la uso? Pasi akamjibu kwamba mtaalamu hakosi njia.

Njia ilikuwa maka peni. Siku darasa la mwisho lilipochanjwa dozi ya nyongeza ya surua, mama mdogo aliandika tarehe juu ya plastiki, kadi kwa kadi. Fomu ya afisa afya haina habari na majina. Unachora kijiti kimoja kwa kila bega, unajumlisha, unapeleka. Kuhusu nani kachanjwa na nani bado, kadi ndiyo ilikuwa inajua. Na waliobaki walikuwapo, maana wengine walitoroka kwa dirisha la choo huku mwalimu wao akilinda mlango kwa bidii kubwa.

Kabla hajawafuatilia waliotoroka, zikaja habari za mkaguzi. Pasi alipotoa kadi zake kabatini alikuta zina michirizi ya wino mweusi, akashtuka kama aliyeona nyoka. Akaenda kuazima spiriti na pamba chumba cha muuguzi bila kusema ni za nini, akazisugua kwa mkono wake, huku akipiga mluzi. Mkaguzi alizisifu sana.

Haukupita mwezi, surua ikaingia mtaa wa pili. Afisa afya akaleta agizo: mwanafunzi ambaye kadi yake haionyeshi ile dozi achanjwe kwa ridhaa ya mzazi, la sivyo akae nyumbani mpaka ugonjwa uishe. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa wiki inayofuata. Kabati likafunguliwa, kadi za darasa la mwisho zikatolewa, zote safi, hazina tarehe wala nusu ya tarehe.

Watoto waliapa kwamba wote walichomwa. Mmoja alionyesha ushahidi begani. Alikuwa ameumwa na mbu. Binti wa Pasi alionyesha kovu la kuungua na pasi.

Mchana Pasi aliingia chumba cha muuguzi na kurudishia mlango. Upande wangu wa ubao, niliacha kupanga vitabu.

"Dada muuguzi," alisema, na tangu ahamie hapa hakuwahi kumwita dada, "wewe hakuna mkono usioujua. Chukua hizo kadi, andika tarehe, yaishe."

"Siandiki."

"Mwanangu atakosa mtihani."

"Lete ridhaa yake, nimchome. Dozi ikizidi haimdhuru."

"Na wazazi wengine nitawaambia nini?"

"Waambie ulifanya usafi."

Pasi akasema anaelewa, haya yote ni kisasi cha ile mashine, na kwamba barua ya uhamisho haichukui muda kuandikwa. Mama mdogo akamshauri akishaiandika aitie plastiki.

Siku mbili Pasi alizunguka uwanjani suruali yake ikiwa na mikunjo isiyo yake. Nyumbani mama mdogo alianza kukunja nguo zake na kuzipanga sandukuni, huku akidai anatafuta nondo wanaotafuna nguo. Uhamisho huo ungempeleka mbali, na mimi ningebaki na nyumba yenye vyungu vyake. Siku ya tatu wazazi wakaitwa. Pasi alisimama mbele yao, akaeleza habari za mashine, mkaguzi na spiriti, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Fundi baiskeli aliyekaa mbele akauliza kwa upole wote, "Mwalimu, na akili nazo ulizipitisha kwenye hiyo mashine?"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, kisha wakatia sahihi. Darasa zima likachomwa upya, na mara hii fundi huyo ndiye aliyesimama chini ya dirisha la choo. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa binti wa Pasi, akilia, na baba yake amemshika mkono mwingine. Mama mdogo aliandika tarehe kwenye kadi mpya za karatasi, zenye doa la chai tayari. Barua ya uhamisho haikuandikwa.

Jioni alikaa uani miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, nguo zimesharudi kabatini. Mji mzima ulikuwa unasimulia jinsi Mama Bega alivyomkomoa Pasi, na mimi nilikuwa nimeamini hivyo tangu siku ile niliposikiliza nyuma ya ubao. Nilijikaza, nikamuuliza.

"Mama mdogo, ulikuwa unamkomoa?"

"Hapana, mwanangu. Sikumbuki niliwachoma kina nani."