Nukta na Koti Lililopungua Robo

"Shemeji, ukiweka tena tepu yako kwenye kioo cha kompyuta yangu, nahama! Nahama na meza yangu!"

"Hama," nikamwambia. "Lakini mkono wa koti hapo ni mfupi."

"Kioo hakipimwi! Nikikuza picha mkono unarefuka, nikiipunguza unafupika. Sasa unapima nini?"

"Napima wasiwasi wangu."

"Subiri karatasi zitoke, upime hadi uchoke."

Wasichana wa cherehani walicheka hadi uzi ukakatika. Huyo ndiye shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Jina analo, ila kwenye karakana yetu ya ushonaji anaitwa Nukta, kwa sababu ukimuuliza lolote, hata kama chai imeiva, atakufikisha kwenye nukta, vile vitone vinavyounda picha kwenye kioo.

Alikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji hadi kilipofungwa. Akaja kwetu na begi moja na kompyuta aliyoiviringisha kwenye shuka kama mtoto mchanga. Ni mrefu, mpole, anaosha kikombe chake na cha aliyekaa karibu naye. Kompyuta ikimgomea haitukani. Anausoma ujumbe wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Mume wangu alimpa kona karibu na meza ya pasi, akamwekea na sharti. "Ukipata kazi ya kueleweka hapo, utabaki. Ukiharibu, unakwenda kwa baba mdogo kupakia kokoto."

Nukta na kokoto! Vidole vile, hata kufungua chupa ya soda anaomba msaada.

Kazi ikaja. Mkuu wa wauguzi wa hospitali ya jirani alituletea kitambaa cheupe cha makoti, kimepimwa sawasawa, hakuna cha ziada. Michoro ya kukatia ilitumwa na mbunifu wao, iko ndani ya faili. Mwenye duka la kuchapisha akaikataa: mashine yake inapokea picha tu.

"Kwani hii si picha?" nilimuuliza Nukta.

"Haya ni maagizo, shemeji. Yanasema: anza hapa, vuta mstari hadi pale, pinda kwapani, andika 'mkono wa kushoto'. Lazima apatikane wa kuyatii, achore nukta kwa nukta."

"Kama mimi na kaka yako."

"Nani anamtii nani?"

"Wewe fanya kazi."

Hakuandika yote mwenyewe. Kuna kitu anakiita maktaba: kazi ambazo watu wengine walishaziandika, wewe unaziita kwa majina yake, zinakuja. Yeye aliandika mistari ya nusu ukurasa tu: fungua faili, chukua ukurasa, ugeuze kuwa picha, hifadhi, nenda kwenye unaofuata. Akabonyeza, akasimama nyuma ya kiti amefumbata mikono, kama anasubiri mgeni ashuke.

Sasa, Nukta ni msafi kupita kiasi, na usafi ndio uliomponza. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza mbunifu alikuwa amechora kisanduku kitupu, hakina hata neno. Sisi mafundi tunakijua. Karatasi ikitoka, unakipima kwanza. Pande zake zikitimia sentimita tano, unakata, zisipotimia unaweka mkasi chini. Nukta alikiona ni uchafu. Akaiamuru programu yake ikate kingo zote, karatasi zisipotee bure.

Karatasi zilirudi kutoka dukani mimi nikiwa nimekwenda kununua vifungo. Msichana wa mkasi alikitafuta kisanduku, hakukiona, akadhani mbunifu hakukiweka. Akakata koti la kwanza, wenzake wakalishona.

Niliporudi nilimkuta Nukta amejilazimisha kulivaa. Lilimkwama mabegani, mikono imeishia kwenye viwiko, na mbele vitundu vya vifungo vikitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Hakuna aliyecheka.

"Robo nzima imeliwa," alisema. "Maktaba usipoiambia kitu, inaweka nukta sabini na mbili kwa inchi. Mashine ya dukani isipoambiwa kitu, inadhani ni tisini na sita. Mimi sikuiambia hii wala ile."

"Na kile kisanduku?" akauliza msichana wa mkasi.

"Kisanduku gani?"

Akamchorea kwa chaki mezani. Nukta alikitazama, akakaa chini na lile koti lake la kubana.

Lakini hakutafuta wa kumbebesha lawama. Aliiagiza maktaba nukta mia tatu kwa inchi, hesabu hiyo akaiandika ndani ya kila picha ili mashine ya dukani isikisie, na kingo akaziacha. Alikwenda mwenyewe kusimamia uchapaji. Tulimsikia kabla hatujamwona: "Tano! Kila upande tano!"

Makoti yakatoka yakiwa makoti. Lakini moja lilipungua, na kitambaa hakikuwepo. Mume wangu alisikia, akasema tu kwamba atampigia baba mdogo.

Mkuu wa wauguzi alipokuja, mimi nilikuwa bado natafuta uongo unaofaa. Nukta akanitangulia. "Mama, koti moja nimeliharibu mimi. Si mafundi. Kitambaa nitakulipa."

Yule mama alimpandisha kwa macho, akamshusha. "Lipa kabla wauguzi wapya hawajaanza kazi."

Basi Nukta akaenda kwa muuza vitambaa wa mtaa wa nyuma, ambaye michoro yake ya mitindo ilikuwa imelala kwenye mafaili ya aina ileile, haifunguki kwenye simu za wateja. Akamgeuzia yote kuwa picha, na malipo akayataka kwa kitambaa cheupe.

Alikuja nacho kimekunjwa kwapani, akakiweka mbele yangu mume wangu akiwapo. Nikakipima. Kilizidi kiganja kizima.

"Mpigie baba mdogo," nilimwambia mume wangu, "atafute mpakiaji mwingine."

"Sikuwahi kumpigia," akajibu, akarudi kwenye gazeti lake.

Nikakikata kile kiganja kilichozidi, nikamrudishia Nukta. "Chukua. Deni lilikuwa la koti tu, nalo limekwisha."