Uongo Nilioutubia Mengo

Nilifundishwa Biblia na mtu asiyejua kunong'ona. Alikuwa mwalimu wetu wa Jumapili, mrefu, mwenye mikono ya seremala, na akisoma habari za manabii hata wauza ndizi nje ya kanisa waliacha kupatana bei. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Yeye alihubiri kwa Kiganda, nami niliwageuzia kwa Kiswahili wake za askari polisi waliokaa mabenchi ya nyuma, watu wa kaskazini kama wazazi wangu. Baba alikuwa sajini. Nilizaliwa kambini, ambako tuligombana kwa Kiswahili bombani tukisubiri maji.

Siku moja redio ikasoma orodha ya madhehebu yaliyopigwa marufuku, na letu lilikuwamo. Kesho yake tulikuta kufuli mlangoni na askari amekalia benchi letu, anatafuna muwa. Tukahamia sebuleni kwa mjane mmoja, huko Mengo. Biblia tulizibeba ndani ya kikapu, juu tukapanga matoke, na majirani tukawaambia tunakwenda kumfariji mjane. Maskini mama wa watu, alifarijiwa kila Jumapili mwaka mzima, na mumewe alikuwa amekufa zamani. Mwalimu alituruhusu kusema hivyo kwa sababu, alisema, kweli tulimfariji. Kwake uongo haukuwa na mdogo wala mkubwa.

Sebuleni humo ndimo alimojifunza kunong'ona, na hakuwahi kuuweza mnong'ono vizuri.

Sisi walokole tulikuwa na desturi moja ambayo hatukuiacha hata baada ya marufuku. Kabla ya neno, mwenye dhambi alisimama akaitaja kwa jina lake, bila kuifunika. Tuliiita kutembea nuruni. Akimaliza, wenzake walimpokea kwa wimbo, ambao sasa tuliuimba midomo imefungwa. Mimi nilikuwa nimeshatubu wivu, nimetubu kumsengenya wifi yangu, nimetubu hata sukari niliyowaficha wageni mwaka ule sukari ilipoadimika. Kila mara niliketi nikiwa mwepesi, na wepesi ule niliupenda kuliko ilivyonipasa.

Kisha mwalimu akafundisha habari ya Nabothi, yule aliyeuawa ili mfalme apate shamba lake la mizabibu. Hakutaja mtu. Katika mji ambao maduka na nyumba vilikuwa vinakwenda kwa wenye bunduki, hapakuwa na haja ya kutaja. Wiki hiyohiyo gari la askari lilifika kwake. Hawakumkuta. Tukampeleka Ggaba, ufukweni mwa ziwa, kwa shangazi yangu, mchuuzi wa samaki, tukamficha katika stoo ya samaki wa kukausha nyuma ya nyumba. Ijumaa ya wiki iliyofuata mtumbwi ungemchukua kumpeleka upande wa Kenya.

Jumamosi mchana walikuja askari watatu. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa stoo nikiparua magamba.

"Wee dada, mwalimu ya walokole iko hapa?"

"Hayuko, afande. Nasikia alienda Masaka."

"Wewe nasema ukweli?"

"Ukweli kabisa, afande."

Yule mrefu alisukuma mlango. Moshi na harufu vikamlaki, akaziba pua, akanyakua samaki wawili waliokuwa karibu, kisha wote watatu wakaondoka. Mwalimu alikuwa nyuma ya magunia. Alisikia yote.

Nilipomfungulia aliniambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Kisha akapiga magoti akaomba. Laiti angenigombeza. Baraka ile ilinichoma kama mwiba wa samaki, na usiku usingizi ukanipaa.

Kesho yake, Mengo, nikasimama. Nilijiona mwangalifu sana: sikumtaja mtu, sikutaja Ggaba. Nilisema, "Ndugu zangu, jana niliwadanganya askari. Waliniuliza habari za mtu, nikasema hayuko, naye alikuwa nyuma yangu. Naomba Bwana anisafishe." Wakaniimbia midomo imefungwa. Mama mjane akanikumbatia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nilichosahau ni kwamba kwetu ushuhuda haukai mahali uliposemwa. Wasiokuwapo hupelekewa, mgonjwa huburudishwa nao. Jumatatu dada mmoja aliupeleka hospitali kwa mama aliyejifungua. Jumanne wanawake wawili walikuwa wanamshukuru Mungu kwa ushuhuda huo huko sokoni Kikuubo, mbele ya magunia ya chumvi, watu wakipita na wengine wamesimama. Na nani asiyejua mimi nilikuwa mkalimani wa nani, na shangazi yangu anakaa wapi? Hakuna aliyetuuza. Miaka mingi nimemtafuta Yuda katika sebule ile nimchukie nipumzike. Simwoni. Naona kinywa changu tu.

Jumatano asubuhi walirudi, na safari hii hawakuuliza. Walikwenda moja kwa moja stoo wakamtoa, shati limejaa masizi. Yule mrefu akampiga shangazi begani kwa kitako cha bunduki, kisha akanisonta kidole.

"Nani naficha yeye? Huyu mama, ao wewe?"

Mimi, niliyegeuza mahubiri ya miaka mitano bila kukwama, sikupata neno hata moja. Mwalimu ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kanisani, na kwa Kiswahili kibovu alichookoteza kwangu.

"Hakuna mtu, afande. Mimi naingia peke yangu, kwa dirisha. Hawa wanawake hawajui mimi iko."

Stoo ile haikuwa na dirisha. Askari hawakugeuka kutazama. Walimsukuma ndani ya buti la gari, wakalifunga, wakaenda. Hatukumwona tena, wala maiti yake hatukupewa tuzike.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema na watu wa lugha yangu bila kunihitaji, na mara ya kwanza kumsikia akisema uongo. Alikuwa hajui kabisa kudanganya. Mtoto yeyote wa kambini angetunga wa maana zaidi. Lakini uongo ule ndio uliomwacha shangazi na nyumba yake, ukaniacha mimi hai, nikazaa watoto baadaye.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mengo. Kiti chake kilikuwa kitupu, na watu walilia bila sauti kama tulivyokuwa tumezoea kuimba. Wakati wa kutubu ulipofika mama mjane alinigeukia, akaniuliza kwa upole kama nina neno la kutubu.

Nikasema sina.