Aliyesema Mashine Yetu Imekufa

Mimi nimezaliwa sioni, na watu husema nina hasira za karibu. Sawa. Lakini wiki ile hata mtu mpole angewaka.

Shuleni ninakofundisha watoto wasioona tuna mashine moja tu ya kuchapa nukta nundu. Sindano zake hudonoa karatasi nzito, nasi tunasoma kwa vidole. Kampuni inayoihudumia ilipotubadilishia mfumo wa kompyuta, mashine ikanyamaza, na mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa mlangoni. Bila mashine, watoto wangu wangesomewa maswali kwa sauti, hesabu na michoro yake yote, kisha tungeambiwa hawana akili.

Anayeishughulikia pale kampuni ni dada yangu. Huandika moduli, yaani programu ndogo inayoungana na kiini cha mfumo ili kompyuta iongee na mashine. Ndivyo alivyo tangu utotoni: akianza kufumua kitu, chakula chake kinapoa. Redio ya baba aliifungua akiwa bado anapanda kiti kuifikia, akachapwa, akaifungua tena. Bosi wake tunamwita Nadhifu, maana anapenda vitu vipangike kuliko vifanye kazi.

Nadhifu ndiye aliyeamuru faili kuu ya moduli ibebe jina la mashine, lile lile la moduli nzima, ipendeze. Dada alipinga, akaambiwa ana kichwa kigumu, ikawa hivyo. Nadhifu huyo huyo alitaka kompyuta za ofisini zifiche maonyo programu inapojengwa, zionyeshe makosa peke yake, kwa sababu eti maonyo yanawatia wateja wasiwasi.

Sasa moduli ikagoma kuungana. Programu hujengwa vipande vipande, kisha kiunganishi huvishona viwe kitu kimoja; kipande kimoja kikiitisha kazi fulani, lazima kingine kiwe nayo. Kiunganishi kilidai kazi ya kuinua sindano haipo popote. Dada anaiona pale pale kwenye faili, ameiandika mwenyewe. Akahakiki toleo la kiini, akafuta kila kitu na kujenga upya, wapi. Nadhifu hakungoja. Akatangaza kwamba mashine imekufa kwa uzee na inunuliwe nyingine, akaandaa karatasi yenye jina lake ya kuthibitisha hivyo, akamtumia Dada nakala ili naye asaini. Mtu anaharibu kwa mkono wake, halafu lawama anaibebesha mashine.

Jumamosi mchana Dada alikuja kwangu, akilalamika macho yamemchoka.

"Mdogo wangu, hebu tuijenge kwenye kompyuta yako, inisomee," akasema. "Mimi nikiyaangalia tena haya maandishi nitatapika."

Kompyuta yangu husoma kila mstari kwa sauti. Haijui chekundu wala cheupe, na ule ufichaji wa Nadhifu haina. Ikaanza kupayuka. Katikati ya maneno mengi ikasema kuna faili inayojitegemea yenyewe kwa mzunguko, basi imeachwa.

"Imeacha nini?" nikauliza.

"Aa, hilo ni onyo tu…" Dada akaanza. Kisha nikasikia akipiga meza. "Rudisha hapo."

Ikarudia.

"Moduli nzima ina jina lile lile la kipande chake," akasema polepole. "Kompyuta imeona kitu kinajisubiri chenyewe, ikakitupa kipande nje. Na kipande hicho ndicho chenye sindano. Si nilimwambia huyu mtu? Nilimwambia mbele ya watu."

Akabadilisha jina la faili, akarekebisha mstari unaoitaja, akajenga. Ikaungana bila kelele. Akampigia Nadhifu simu, haikupokelewa. Mimi sikuweza hata kufurahi. Watoto karibu wakose mitihani yao kwa ajili ya unadhifu wa mtu mmoja.

Jumatatu asubuhi Dada aliiweka moduli mpya shuleni. Hajamaliza kufunga mkoba, Nadhifu akaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nami nilikuwamo, marashi yakimtangulia. Hali ya mashine hakuiuliza.

"Saini tu hapa, mama. Inasema mashine haitengenezeki."

Mwalimu Mkuu naye haoni. "Mimi sisaini nisichokisoma, baba. Niletee ya nukta nundu."

Nadhifu akacheka kidogo. "Sasa mama, tutaichapa na nini? Mashine yenyewe ndiyo hiyo imekufa."

"Nakala si ulinitumia?" Dada akasema kutoka mlangoni. "Ngoja."

Chumba cha pili sindano zikaanza kudonoa. Dada akarudi na karatasi, na Mwalimu Mkuu akaipitishia vidole taratibu, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"'Mashine hii haiwezi tena kuchapa hata ukurasa mmoja,'" akasoma kwa sauti. Kisha akaisukuma karatasi mezani upande wa Nadhifu. "Jina lako liko hapa, baba. Anza wewe kusaini."