Sifongo ya Mama Asha

Nilipokuwa bado mtoto wa kubebeshwa dumu dogo la maji, Bibi alituonya kuhusu uyoga mgumu unaoota kwenye magogo porini. Uyoga huo usiingizwe nyumba yenye mtoto mchanga, alisema, maana humnyonya maji mwilini hadi anyauke. Tuliamini.

Hapa kwetu Nyamongo tulikuwa na mpangaji, Mama Asha, mtu wa Tanga, aliyemfuata mumewe kwenye machimbo ya dhahabu. Mdogo wangu Marwa, akiwa bado mchanga, alipoanza kuharisha, ni yeye aliyekaa naye. Alichanganya maji, chumvi na sukari kwenye jagi lake la bluu, akamnywesha kwa kijiko. Akamwogesha taratibu kwa sifongo laini aliyotoka nayo kwao.

Bibi akaiona imeanikwa uani, ya kahawia, imejaa matundu.

"Nani kaleta uyoga hapa?"

"Shikamoo, Bibi. Si uyoga huo. Ni sifongo, mnyama wa baharini."

"Mnyama!" Shangazi akacheka. "Hana macho, hana miguu. Analia vipi, mama?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari. Nilikimbia porini, nikabandua uyoga kwenye gogo, nikavitia vyote viwili kwenye karai la maji. Uyoga ulielea, mgumu kama ubao. Sifongo ilivuta maji, ikavimba, ikalainika.

"Bibi, ona! Havifanani!"

"Nimeona," Bibi akasema. "Nimeona inavyokunywa. Ndivyo inavyomnywa Marwa."

Jioni ile Bibi na Shangazi walimtupia Mama Asha godoro nje, wakimwita mchawi. Mama yangu alisimama mlangoni na Marwa mgongoni. Mama Asha alipanda bodaboda amekumbatia godoro lake, akamwambia Mama, "Usiache kumnywesha. Kidogo kidogo." Jagi akatuachia.

Mama akamnywesha maji yale ya chumvi na sukari. Marwa akapona, na ukoo mzima ukasema, mnaona, mchawi kaondoka, mtoto kapona. Na jagi liko mezani wanaliona!

Sasa nina mtoto wangu, na kila nikimwogesha hasira inanipanda upya. Hofu ya Bibi naielewa, alishazika watoto. Lakini Marwa alipopona, mbona hakuna aliyemtafuta yule mama hata kumpa pole?

Juzi Marwa, kijana wa kunyoa ndevu sasa, alinywa maji kwa Mama, akaligeuza jagi mkononi.

"Hili la zamani hivi ni la nani?"

"La hapa hapa nyumbani," Shangazi akajibu haraka.

"La Mama Asha," nikasema. "Kaa chini, Marwa, nikuambie."