Mikono Yangu Chini ya Kreni ya Isaka

Siku yangu ya kwanza katika bandari kavu ya Isaka, Meneja wa Yadi alinikabidhi kofia ngumu na reflekta, akaniambia, "Mama Kulwa, mwendesha kreni akiwa juu haoni kila kitu. Macho yake ni wewe." Nilikuwa mpiga ishara: nilisimama chini nikimwelekeza kwa mikono, maana kwenye ngurumo ile sauti haisikiki.

Treni ilileta mizigo kutoka Dar es Salaam, sisi tukaihamishia kwenye malori ya Rwanda na Burundi. Makontena niliyazoea. Lakini ilipoingia transfoma ya mradi wa umeme wa Burundi, uliojengwa kwa mkopo wa nje, yadi nzima tulitoka kuitazama. Ilikuwa kubwa kama nyumba! Mhandisi wa mkandarasi, Mchina, alikagua minyororo. Mzee Masanja akapanda kwenye kreni. Ndayizeye, dereva Mrundi, akasogeza trela.

Transfoma ikiwa hewani, mnyororo mmoja uliteleza. Mzigo ukainamia kabini ya lori, na Ndayizeye alikuwa bado ndani. Nilinyanyua ngumi: simama. Masanja akasimamisha papo hapo. Nikamwonyesha Ndayizeye mlango wa upande wa pili, akaruka na kukimbia. Ndipo nikageuza kiganja chini, taratibu, mpaka mzigo ukarudi juu ya behewa. Mhandisi alifunga upya kwa mikono yake mwenyewe. Mara ya pili transfoma ilikaa kwenye trela, watu wakapiga vigelegele.

"Mama, umenirudisha kwa wanangu," Ndayizeye aliniambia.

"Basi wapelekee umeme," nikamjibu.

Nilipostaafu nikahamia Kagongwa. Asubuhi moja Ndayizeye akanipigia simu. "Shikamoo, mama. Umeme umefika kwetu. Njoo uone."

Miaka yote nilipeleka mizigo ng'ambo bila kuvuka mpaka. Alipokuja Isaka kuchukua mzigo, nilipanda lori lake. Kwake nilimkuta mkewe akiendesha mashine ya kusaga, wanawake wamejipanga na mahindi yao, unga umewajaa nyusi, wanacheka. Zamani walitwanga. Nami nilibeba debe nikaingia kwenye foleni.

Sasa vijana wanajenga reli mpya hapa kwetu, nami huenda kuwatazama. Nawaambia jambo moja: mkipata likizo, ufuateni mzigo wenu mpaka unakoshushwa, mle ugali wa huko.