Kalamu ya Katibu

Katibu wa kiwanda cha kushona sare alikuwa na jeuri moja tu maishani: kumbukumbu zake za vikao. Miaka kumi na moja, hajawahi kurudishiwa hata karatasi moja. Thubutu kumwambia kakosea tarehe, utaangaliwa mpaka utafute mlango.

Basi msimamizi wa mafundi akastaafu. Waliotaka nafasi yake walikuwa wawili: Fundi Ngoma, aliyebandikwa jina hilo kwa sauti yake ya kutikisa madirisha, na Mama Mkasi, mkata vitambaa, shoga yake Katibu wa kufa na kuzikana. Tajiri, mwenye kiwanda, hakutaka maneno mengi.

"Katibu, pitia kumbukumbu za miaka mitatu. Aliyeleta mawazo ya maana ndiye nitakayempa. Keshokutwa utusomee."

Katibu akachekelea moyoni. Mawazo? Si ya shoga yake matupu! Akapangusa vumbi majalada, akaketi kusoma.

Kugeuza cherehani zielekee dirishani: Fundi Ngoma. Kukata saizi moja kwa mkupuo: Fundi Ngoma. Kufunga mafurushi kwa nyuzi za rangi ili yasichanganywe: Ngoma tena! Mama Mkasi alitajwa mara mbili, alipoomba ruhusa ya msiba na alipoleta chai.

"Haiwezekani," alijisemea. "La nyuzi nililisikia kwa masikio yangu, likitoka kinywani mwa shoga yangu." Lakini mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, mzuri, umenyooka.

Jambo hilo likamkereketa. Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, akaamua kuuchunga mkono wake kama paka aliye karibu na maziwa. Mama Mkasi akaanza: "Samahanini jamani, sijui kama nakosea, lakini labda tungejaribu..." Kalamu ikabaki hewani, ikingoja la maana. Likaja kwa sauti ndogo: mifuko ipigwe pasi kabla ya kushonwa. Hajamaliza, Ngoma akadakia, "Pasi kwanza, kushona baadaye!" Kalamu ikashuka yenyewe. *Fundi Ngoma ameshauri...*

Loh! Katibu aliukodolea macho mkono ule. Hakuna aliyeutuma. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Siku ya kusoma ikafika, mafundi wote wamekaa. Katibu akasimama na majalada yake.

"Samahanini, sijui kama..." Akajisikia akisema kama shoga yake. Akakohoa, akaanza upya. "Kumbukumbu hizi zina makosa. Aliyekosea ni mimi."

Akataja moja baada ya jingine, la cherehani, la saizi, la nyuzi, la pasi, na nani alilisema kwanza. Miaka yake kumi na moja ya jeuri ikayeyuka mbele ya watu.

Tajiri akamgeukia Ngoma. "Unasemaje?"

Ngoma akajikuna kisogo. "La nyuzi ni lake, tajiri. Mimi nililisema kwa nguvu tu, halafu siku zikapita, nikaamini ni langu." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka.

"Haya, Mama Mkasi," akasema tajiri, "kazi unaitaka?"

"Samahani, sijui kama..."

"Shoga," Katibu akamkata, kalamu imeshagusa karatasi, "leo naandika kila kitu, na hiyo samahani yako pia."

Mama Mkasi akavuta pumzi. "Naitaka."

Kabla Ngoma hajafungua kinywa, Katibu alikuwa ameshaandika jina la Mama Mkasi.